Ibn Sina, Tabibu Aliyeupa Mkono wa Mchuaji Kipimo

Hapana mtaa katika mwambao wetu, tangu Lamu hata Vanga, usiokuwa na mtu ajulikanaye kwa mkono wake. Huenda akawa ni bibi kizee awasingaye wazazi waliojifungua, au ni mzee aliyekuwa mvuvi ambaye sasa huwachua mahamali na mabaharia walioshikwa na viuno. Mgonjwa hulazwa kifudifudi mkekani, mafuta ya nazi au ya uto yakapashwa moto, na vidole gumba vikaanza safari yao kutoka kiunoni, vikapita nyongani, vikashuka pajani hata kwenye shavu la mguu. Mgonjwa huguna, kisha hunyamaza, na mara nyingi huinuka akiwa na nafuu.

Lakini si kila mara. Yupo aliyeingia akichechemea akatoka amebebwa, kwa kuwa mkono ulizidi nguvu, au ulikandamiza pasipotakiwa kukandamizwa, au maradhi yenyewe hayakuwa ya kuchuliwa. Je, tofauti baina ya wagonjwa wawili hawa ni nini?

Swali hilo si geni. Miaka elfu moja iliyopita alilishughulikia mtu ambaye jina lake sote tumelisikia, ijapokuwa wengi wetu hatujui maisha yake wala yale aliyoyaandika juu ya viuno na mikono. Naye ni Abu Ali Al-Hussein bin Abdallah bin Sina, ambaye Waislamu walimpa lakabu ya Sheikh Rais, na Wazungu wakamwita Avicenna.

KIJANA WA BUKHARA

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980, sawa na mwaka 370 wa Hijria, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh aliyefanya kazi katika serikali ya wafalme wa Kisamani. Mama yake aliitwa Sitara. Jamaa hao walipohamia Bukhara mtoto alitiwa chuoni, na alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani yote na kusoma vitabu vingi vya lugha na adabu.

Elimu aliichukua popote alipoikuta. Hesabu ya Kihindi alifundishwa na muuza mboga. Fikihi aliisoma kwa mwanachuoni mcha Mungu aliyeitwa Ismail. Mantiki alianzishiwa na mgeni wa baba yake aitwaye Natili, na haukupita muda mrefu mwanafunzi akawa ndiye anayemfumbulia mwalimu yaliyomshinda. Kisha akaingia katika utabibu, ambao mwenyewe hakuuhesabu kuwa ni elimu ngumu. Alipokuwa na umri wa miaka 16 matabibu watu wazima walikuwa wakija kusoma kwake. Hakutosheka na vitabu, bali alikwenda kwa wagonjwa wenyewe, na huko akafunguliwa mambo ambayo vitabuni hayamo.

Hata hivyo, asidhani msomaji kwamba kila kitu kilimjia kwa wepesi. Kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vilivyoko alikisoma mara 40 hata akakihifadhi kwa moyo, na bado hakukifahamu. Siku moja katika soko la vitabu dalali alimshikilia anunue kijitabu cha Al-Farabi kwa dirhamu tatu, na kwa kuwa mwenye nacho alikuwa na shida, akakinunua. Alipokisoma usiku ule fumbo lote likafumbuka. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mola wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake: jambo likimtatiza alikwenda msikitini akasali na kumwomba Muumba wa vyote amfungulie.

Alikuwa bado hajatimiza miaka 18 alipoitwa kushirikiana na matabibu wa ikulu kumtibu mfalme Nuh bin Mansur. Mfalme alipopona, kijana hakuomba dhahabu wala cheo. Aliomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya ikulu, ambamo kila chumba kilijaa masanduku ya vitabu vya elimu ya namna moja. Huko aliona vitabu ambavyo watu wengi hawakuwa wamevisikia hata majina.

MAISHA YA NJIANI

Raha hiyo haikudumu. Baba yake alifariki, na ufalme wa Kisamani ukaanguka mwaka 999. Ibn Sina akalazimika kutafuta riziki nje ya kwao. Alikwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, akiwa amevaa mavazi ya mwanafikihi, na kutoka huko akapita mji baada ya mji hata Jurjan, akimtafuta mtawala Qabus aliyesifika kwa kuwapenda wenye elimu. Alipofika alikuta Qabus amekwisha kukamatwa na kufa. Lakini Jurjan ilimpa jambo jingine. Hapo ndipo alipokutana na Abu Ubaid al-Juzjani, mwanafunzi aliyekaa naye miaka 25 na ambaye ndiye aliyetuhifadhia habari nyingi za maisha yake. Na hapo hapo ndipo alipoanza kuandika kitabu kilichomtia jina duniani, *Al-Qanun fi al-Tibb*, yaani Kanuni ya Utabibu.

Kitabu hicho hakikuandikwa katika utulivu. Kilianzia Jurjan, kikaendelea Rayy, kikaja kumalizika Hamadan katika nchi ya Uajemi. Huko Hamadan alimtibu amiri Shams al-Dawla maradhi ya msokoto wa tumbo, naye amiri akamfanya waziri wake. Mchana alishughulikia mambo ya dola. Usiku wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake wakasoma, huyu kwa zamu yake na yule kwa zamu yake. Askari walipomwasi waliipora nyumba yake wakataka auawe, naye akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Amiri aliposhikwa tena na tumbo ilibidi atafutwe, aombwe radhi, arudishiwe uwaziri. Baada ya amiri kufa mwaka 1021 alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na mwishowe alitoroka yeye na wenziwe wachache wakiwa wamevaa nguo za masufi hata wakafika Isfahan, ambako mtawala Ala al-Dawla alimpokea kwa heshima.

Kwa masikitiko, al-Juzjani ameeleza kwamba Ibn Sina alikusudia kuyatia katika *Qanun* mambo mengi aliyoyajaribu kwa wagonjwa kwa mkono wake, akayaandika katika karatasi, lakini karatasi hizo zikapotea kabla kitabu hakijakamilika. Tulichobakiwa nacho ni vitabu vitano vya *Qanun*. Cha kwanza ni cha misingi, cha pili ni cha dawa moja moja, cha tatu ni cha maradhi ya viungo tangu kichwa hata nyayo, cha nne ni cha maradhi yanayoenea mwilini, na cha tano ni cha dawa za kuchanganywa.

MARADHI YA IRQ AN-NASAA

Katika kitabu cha tatu ndimo yalimo maradhi ambayo Waarabu huyaita irq an-nasaa, na ambayo leo hospitalini huitwa sayatika. Wasomaji waliokaa katika darsa za tafsiri hawatakuwa wageni wa jina hilo. Wafasiri wengi, katika kuieleza aya ya 93 ya sura ya Al-Imran, wametaja kwamba Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alipatwa na maradhi hayo, na kwa ajili yake akajizuilia chakula alichokipenda. Na katika Sunan ya Ibn Majah imepokewa hadithi inayotaja mkia wa kondoo kuwa ni tiba yake. Basi ni maradhi ya zamani, na watu bora waliyajua kabla yetu.

Ibn Sina aliyaeleza kama mtu aliyekaa karibu na godoro la mgonjwa. Maumivu huanzia nyongani, yakashuka kwa nyuma ya paja, huenda yakafika gotini, na huenda yakafika kisiginoni na vidoleni. Kila yanapokaa siku nyingi ndivyo yanavyozidi kushuka. Yakidumu sana paja na mguu hukonda. Mgonjwa huona taabu kuinama, na akiinama huona taabu kuinuka akasimama wima. Tena akataja jambo ambalo kila mchuaji wa Lamu au Mombasa atalitambua mara moja: kwamba mgonjwa huona raha akibinywa na kukandamizwa.

Kuyaona maradhi ni jambo moja, na kuijua sababu yake ni jambo jingine. Ibn Sina, kama walimu wake Bukrati na Jalinus wa Uyunani, aliamini kwamba mwili umeumbwa kwa rutuba nne, na kwamba maumivu haya hutokana na rutuba mbaya iliyokusanyika kiungoni. Kwa hiyo alitegemea kutoa damu, kusafisha tumbo, mafuta na dawa za kubandika, na maradhi yakiwa sugu, kuchoma kwa moto. Nadharia hiyo imekwisha kuachwa. Mwaka 1764 tabibu Domenico Cotugno wa Napoli, Italia, alionyesha kwamba kuna namna ya maumivu haya itokanayo na mshipa wa fahamu wenyewe. Na mwaka 1934 matabibu wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, walieleza jinsi kile kijisahani laini kilichoko baina ya pingili za uti wa mgongo kinavyoweza kutokeza nje na kuubana mzizi wa mshipa huo. Hivyo mtu huumia kisiginoni, na kumbe mkosi uko kiunoni.

MKONO NA KIPIMO CHAKE

Lakini liko fungu la *Qanun* ambalo halikuzeeka upesi hivyo. Katika kitabu cha kwanza, panapozungumzwa kuihifadhi afya, Ibn Sina ametanguliza mazoezi ya mwili, kisha chakula, kisha usingizi. Na mara baada ya mazoezi amezungumza juu ya kuchua, ambako kwa Kiarabu huitwa dalk. Mengi ya hayo asili yake ni kwa Jalinus, lakini Ibn Sina aliyapanga yakawa masomo yanayoshikika.

Alisema kwamba kuchua kwa nguvu huukaza mwili, na kuchua kwa ulaini huulegeza. Kuchua kwa muda mrefu hukondesha, na kuchua kwa kiasi hunenepesha na kustawisha. Tena akatofautisha kitu kinachochulia. Ukichua kwa kitambaa kikavu cha kukwaruza utavuta damu upesi juu ya ngozi, na ukichua kwa kiganja au kitambaa laini utaituliza damu mahali pake. Kwa hiyo mchuaji hapaswi kuwa na mkono mmoja kwa watu wote. Aliyelegea akazwe, aliyekazana alegezwe, na kila mmoja apewe kadiri yake.

Tena akaugawa uchuaji kwa wakati wake. Kuna ule wa kuutayarisha mwili kabla ya mazoezi, ambao huanza polepole kisha huzidi nguvu kadiri mazoezi yanapokaribia. Na kuna ule wa kuurejesha mwili baada ya mazoezi, ambao shabaha yake ni kuondoa uchovu uliobaki katika misuli. Huu ni lazima uwe wa ulaini na wa wastani, bora ukiwa na mafuta, na haufai kumalizwa kwa ukali.

Kipimo ndicho kilichomshughulisha. Wachuaji walikuwako kabla yake, katika hamamu na majumbani, na mikono yao ilikuwa hodari. Yeye alichokifanya ni kuwadai sababu. Kwa nini unakandamiza? Kwa nguvu gani? Kwa muda gani? Na utajuaje kwamba sasa yatosha?

Sisi tunaopenda ushairi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Utabibu huo aliutungia pia shairi refu la kufundishia, *Urjuza fi al-Tibb*, lenye beti 1,326, ili mwanafunzi aweze kuuhifadhi kwa moyo. Wazee wetu waliofundisha fikihi na sira kwa tenzi wangalielewa mara moja alikusudia nini.

ELIMU ILIVYOTEMBEA

Katika karne ya 12 *Qanun* ilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, Hispania, na Gerard wa Cremona. Vyuo vikuu vya Ulaya viliisomesha hata karne ya 17, na mwaka 1593 ilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Roma.

Kwa Waislamu hakukubaliwa bila kuulizwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimpinga kwa ukali katika mambo ya falsafa yanayogusa itikadi. Lakini hakuukataa utabibu wake, bali aliwaonya watu wasizitupe elimu za manufaa kwa sababu ya kosa la mwenye nazo katika jambo jingine. Huo nao ni uadilifu wa kuigwa.

Na leo wanasemaje? Mwezi wa Disemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno yasiyokwisha, maradhi yaliyokadiriwa kuwa na watu milioni 619 duniani katika mwaka 2020. Miongoni mwa mambo yanayoweza kusaidia ulitaja mafunzo kwa mgonjwa, mazoezi ya mwili, na kuchuliwa. Haukusema kwamba kuchua peke yake ni dawa ya kutosha. Ukiutazama utaona mkono na mazoezi vimewekwa pamoja, kama vilivyowekwa pamoja katika *Qanun*.

Mkono hauwezi kukirudisha mahali pake kijisahani kilichotokeza, na anayedai hivyo anajisifu bure. Unaloweza ni kulegeza misuli iliyokazana kwa kuogopa maumivu, kumpa mgonjwa usingizi, na kumrudishia ujasiri wa kutembea. Mara nyingi sayatika yenyewe hupungua kwa wiki au miezi kadhaa, na kazi ya mchuaji ni kumsaidia mtu avuke kipindi hicho bila ya kumwongezea madhara.

MGANGA HAJIGANGI

Mwisho wa Ibn Sina unahuzunisha. Mwanafunzi wake hakuficha kwamba bwana wake hakuuhurumia mwili wake, si kwa kazi wala kwa anasa. Alipokuwa katika safari ya vita pamoja na Ala al-Dawla alishikwa na msokoto wa tumbo, yale yale maradhi aliyokuwa hodari wa kuyatibu kwa wengine. Jeshi lilikuwa linaondoka, naye akaogopa kuachwa nyuma hali ni mgonjwa. Basi kwa siku moja akajitia dawa ya kusafisha tumbo mara nane. Matumbo yakachubuka yakafanya vidonda. Dawa nyingine aliyoiagiza ilizidishiwa kiasi na aliyeitengeneza, na watumishi nao wakachanganya afyuni katika dawa yake.

Alipata nafuu kidogo, kisha akarudi kula na kuishi kama kwamba hakuwahi kuumwa, na maradhi yakarudi. Alipofika Hamadan alijua kwamba nguvu zimemwishia. Akaacha kujitibu. Akatubia, akatoa sadaka mali aliyokuwa nayo, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akihitimu Kurani kila siku tatu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 wa Hijria, yaani 1037, akazikwa Hamadan, ambako kaburi lake linazuriwa hata leo.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Yule aliyeufundisha ulimwengu kwamba kuzidi kiasi kwaweza kuharibu kama kupungua, siku moja ya haraka ilimsahaulisha somo lake mwenyewe.

TUNALOLIPATA

Basi tuwarudie bibi yetu na mzee wetu wa mtaani, na mafuta yao ya moto. Hatuwaambii waache. Mikono yao imewafariji wengi ambao hawakuwa na nauli ya kufika mbali. Tunawaomba waulize kabla hawajashika.

Akija mtu mwenye kiuno kinachoteremsha maumivu mguuni, aulizwe: je, mguu umekufa nguvu, au unyayo unaburura? Je, una ganzi baina ya mapaja na sehemu za siri? Je, mkojo umefunga, au haja inakutoka bila kujua? Aliye na ganzi hiyo au shida ya haja asilazwe mkekani hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana kuchelewa kwaweza kumlemaza maisha. Na aliyekufa nguvu za mguu naye akaonwe na daktari bila kukawia. Kadhalika aliyeanguka kutoka mnazini au darini, aliye na homa, anayekonda bila sababu, au aliyewahi kuwa na saratani, atazamwe na daktari kwanza. Na ikiwa ni mguu mmoja tu uliovimba na kupata joto kwenye shavu lake, usichuliwe kabisa, kwani huenda ni damu iliyoganda mshipani, nayo ikisukumwa yaweza kupanda hata mapafuni ikaua.

Asiyekuwa na dalili hizo, na achuliwe. Mkono uanze kwa ulaini, uzidi kidogo kidogo, umsikilize aliye chini yake, na umalizie kwa ulaini. Akiinuka asirudi kulala, atembee, hata kama ni kufika msikitini na kurudi. Na ikiwa baada ya wiki chache maumivu hayapungui, mchuaji asione haya kusema kwamba hapa pamefika mwisho wa mkono wake, na amwelekeze mgonjwa kwa mwingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Ali, na awape nafuu wote walioshikwa na viuno.